Saa ya Kinshasa

Kinshasa, tarehe 4 Machi 1974

Maman mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na mdogo wangu Raphaël na shangazi Rosalie huko Mudaka. Mimi niko salama. Siku ileile niliyoshuka kwenye ndege nilirudi ofisini, na wenzangu wakanipa pole. Joto la huku bado ni lilelile.

Sasa jambo lenyewe. Rafiki yangu Ignace, ambaye kazi inamleta Bukavu mara kwa mara, anakuletea katoni ya maziwa ya kopo, biberon mbili za kumnyonyeshea na karatasi niliyoipiga mwenyewe kwa mashine. Nilimwona daktari mmoja aliyesoma Ulaya. Nilimweleza kwamba mtoto ana wiki tatu na mama yake alikufa siku ya kumzaa. Alisema mtoto wa kopo anahitaji utaratibu kuliko mtoto mwingine yeyote, la sivyo tumbo linaharibika. Basi ni hivi: saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, na saa tatu usiku. Baada ya hapo hakuna kitu mpaka asubuhi. Akilia katikati aachwe alie, mapafu yatapata nguvu. Asibebwe mgongoni ovyo, atazoea. Apimwe uzito kila wiki, na uniandikie kilo.

Saa yako ya ukutani inachelewa tangu baba yetu, Papa, alipokuwa hai. Usiitegemee. Fuata redio.

Maman, naomba karatasi hii ifuatwe kama ilivyo. Sitaki kusikia kwamba fulani jirani amesema hivi au vile.

Mwanao,
Balagizi


Bukavu, Nyalukemba, tarehe 29 Machi 1974

Mwanangu Lucien,

Nimeipata barua yako na kila kitu ulichomtuma Ignace. Sisi tuko wazima. Mvua imebomoa kipande cha ukuta upande wa jikoni, lakini Raphaël na mimi tumeziba. Ng'ombe wa shangazi yako amezaa ndama jike. Watu bado wanakuja kutoa pole, na wote wanakuulizia.

Kwenye bahasha umeniita «Citoyenne M'Rutakaza», na wewe umejiita Balagizi. Najua ndiyo desturi mpya ya serikali, na majina ya ubatizo yamewekwa kabatini. Lakini ndani ya bahasha mimi ni maman yako, na wewe ni Lucien niliyekuzaa, kwa hiyo tusichezeane.

Karatasi yako nimeifuata siku tisa. Soma vizuri: siku tisa. Niliibandika juu ya kitanda. Ulisema nifuate redio, nikafuata redio. Sasa hapa Bukavu kila mtu anajua kwamba redio inasema saa za Kinshasa, na kwamba Kinshasa iko nyuma yetu saa nzima. Hata Raphaël anajua, ana miaka saba. Lakini nilijiambia: daktari amesoma Ulaya, mwanangu amesoma, wameandika redio, labda maziwa ya kopo yanataka saa ya Kinshasa. Ndivyo nilivyokuwa mjinga kwa huzuni. Kila asubuhi mtoto anaamka pamoja na jua letu, analia, na mimi nimekaa na biberon mkononi namwangalia. Analia saa nzima akingoja nyinyi wa Kinshasa muamke.

Siku ya kumi nilikwenda kumpima dispanseri. Nilifika kwa saa yako, wamekwisha kufunga mizani. Infirmière, muuguzi mmoja jina lake Valérie, akaniuliza, «Maman, uko na saa ya wapi?» Nikamwambia ya Kinshasa. Wanawake wote kwenye benchi wakacheka. Halafu Valérie alimfunua mtoto, na hakuna aliyecheka tena. Alikuwa anaharisha, ngozi ya mapaja imelegea kama soksi. Alizaliwa na kilo mbili na gramu mia tisa. Siku ile alikuwa na kilo mbili na mia tano.

Nimezima redio. Karatasi nimeibandua. Sasa mtoto anakunywa anapoona njaa, na analala mgongoni mwangu.

Uliomba kilo, nimekupa. Mimi naomba kitu kimoja. Ulikaa hapa siku nne za kilio, na hukumshika hata mara moja. Barua yako imesema «mtoto», «mtoto». Anaitwa Nsimire. Nilimpa jina mimi kwa sababu baba yake alikuwa anaangalia ukuta.

Maman yako


Kinshasa, tarehe 20 Aprili 1974

Maman,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi kusikia habari za ndama.

Barua yako imeniudhi sana. Nakutumia maneno ya daktari, wewe unanijibu kwa kichekesho cha redio. Kama ulijua saa ya redio ni tofauti, si ungeongeza saa moja? Je, hilo nalo nilipaswa kuliandika?

Ignace ameniambia kwamba alipopita kwako alikuta katoni chini ya kitanda, na makopo karibu yote bado yamefungwa. Sasa, maman, unampa nini? Nimekuuliza kwa heshima, na ninataka jibu. Mtoto wa miezi miwili hawezi kuishi kwa upepo wa ziwa Kivu. Kama ni uji wa mtama, niambie. Kama ni maziwa mabichi ya shangazi, niambie. Nina haki ya kujua.

Na kwa kuwa tumeanza kusema, nitasema. Nyumbani kwetu kila kitu ni «tungoje kidogo», «tutaona». Mke wangu Colombe alipoanza kuumwa, mlingoja. Tuliona. Siku ile kama mtu mmoja tu angetazama saa, leo nisingekuwa naandika barua kuhusu biberon.

Nangoja kilo za kila wiki.

Balagizi


Bukavu, tarehe 14 Mei 1974

Lucien,

Leo sikusalimu. Salamu ni ya mtu aliyekusalimu kwa moyo.

Nilitazama saa. Ileile saa ya ukutani ya baba yako unayoidharau. Colombe alishika mlango kwa uchungu saa mbili kamili. Saa mbili na nusu nilikuwa barabarani nimesimamisha gari, na lilikuwa gari la mchanga, na dereva alimwaga mchanga wake wote pale njiani bila kuniuliza hata jina. Saa tatu na robo alikuwa amelala kitandani hospitalini. Aliishi mpaka saa kumi. Kila aliposikia viatu kwenye korido aligeuza kichwa, akisema, «Ni Lucien?» Nikamwambia, «Lucien iko njiani.» Huo ndio uongo wangu, na nitauungama kwa padri, si kwako.

Alikuandikia tangu Desemba akuombe uje kabla ya kuzaa. Barua zote aliniomba mimi nizipeleke posta.

Kuhusu Nsimire: anakunywa. Ana kilo nne na mia tatu. Anachokunywa usiniulize. Kuna mambo ambayo mama hamwambii mtoto wake wa kiume, na ukiwa na adabu kidogo iliyobaki, utaliacha hapo.

Euphrasie M'Rutakaza, maman yako


Kinshasa, tarehe 8 Juni 1974

Maman,

Nakusalimu.

Nimesoma barua yako. Juu ya Colombe sitajibu kitu.

Nimefanya uamuzi. Hapa Kinshasa kuna nyumba ya watawa wanaolea watoto wachanga waliofiwa na mama. Nimeitembelea. Kuna vitanda ishirini, safi, vyote vyeupe. Ukutani wameandika saa, na saa ikifika kengele inalia, watoto wote wanapewa biberon kwa pamoja. Hakuna kelele. Sista mkuu amekubali kumpokea. Ignace atakuwa Bukavu katikati ya Julai akiwa na tikiti na karatasi niliyotia sahihi. Tafadhali mtayarishe mtoto na nguo zake.

Kuna sababu nyingine, na ninaona haya kuiandika. Ignace amesikia watu wa mtaa wakikusema. Kwamba umeonekana una maziwa. Kwamba mjane wa miaka mitatu hawezi kuwa na maziwa bila kuwa na mimba aliyoificha, na kwamba akina mama wa parokia wamekwambia usikae tena pamoja nao mbele. Maman, sikuulizi kama ni kweli. Lakini elewa kwamba mtoto wangu hawezi kukua katika maneno ya namna hiyo.

Balagizi


Bukavu, tarehe 1 Julai 1974

Wewe Lucien,

Raphaël amepanda darasa, katika mtihani amekuwa wa nne. Shangazi yako anaumwa magoti. Habari za nyumbani zimekwisha, sasa kaa chini.

Huniulizi kama ni kweli? Niulize! Una miaka ishirini na saba, una kiti ofisini, halafu unamtuma Ignace akusanye maneno ya kwenye bomba la maji kuhusu mama aliyekuzaa! Nilitaka kukaa kimya hadi mtoto aachishwe. Nilisema aibu hii nitaimeza peke yangu. Umekataa. Basi soma, na kama uso unawaka, uwake.

Ni kweli. Nina maziwa.

Yalianza katika ile saa moja ya karatasi yako. Nilikwambia: mtoto anaamka na jua, redio inasema bado. Siku ya tatu sikuweza tena kumwangalia. Sikutaka kuvunja sheria ya daktari, kwa hiyo sikumpa biberon. Nilimpa ziwa langu, lililo tupu, la mwanamke wa miaka arobaini na sita, ili awe na kitu mdomoni mpaka Kinshasa iruhusu. Nilidhani atalitema. Alilishika kwa nguvu hadi nikauma meno. Kila asubuhi saa nzima. Redio ikisema tayari, nilimpa kopo, akalitapika. Tulipoacha kopo, shangazi yako alikuja kutoka Mudaka na maziwa ya ng'ombe kwenye chupa. Alinikuta. Nikaficha kifua mbele ya wifi yangu kama mwizi. Akaniambia, «Usifiche, mama yetu alifanya hivyo kwa yatima wa dada yake. Kunywa busara, ule uji mwembamba wa mtama, kunywa tena, na umuache mutoto avute kila anapotaka. Yeye ndiye atayaita.» Aliyaita. Siku ya kumi na tisa niliona tone. Nilikaa kitandani nikalia, Lucien, kwa hasira na kwa furaha, sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Mwanamke ambaye mwanawe ameoa hafungui tena kifua. Hiyo ni heshima yetu, ninaijua kabla yako. Ndiyo maana nilifunga mlango kila aliponyonya. Na mlango uliofungwa mchana ndio uliozaa maneno. Kweli, akina mama wa parokia walinihamisha benchi. Rafiki yangu Constance, niliyepokea naye komunyo ya kwanza siku moja, alinishika tumbo sokoni mbele ya watu, kunipima. Nilivumilia. Nilijua kwamba nikisema ukweli watacheka, na habari itakufikia, na wewe utaona haya. Nilikuwa nakulinda wewe! Mpumbavu mimi.

Mbali na shangazi yako, Valérie wa dispanseri peke yake ndiye aliyejua. Alimpima Jumatatu: kilo sita na gramu mia moja. Andika hiyo kwenye mashine yako.

Sasa kuhusu nyumba yako yenye vitanda vyeupe. Umesema hakuna kelele. Watoto ishirini na hakuna kelele, na wewe ulifurahi? Mtoto anayejua kwamba hakuna atakayekuja huacha kulia. Siyo utaratibu huo. Amekata tamaa.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Mwambie Ignace aje. Hatakuta mlango umefungwa. Kuanzia leo nitamnyonyesha nje, kwenye kizingiti, mchana, Constance apite aone na parokia nzima ipite ione. Ignace akitaka kumchukua, amtoe mwenyewe kwenye ziwa langu mbele ya watu, halafu akueleze alivyofanya.

Maman yako, tena kwa herufi kubwa: MAMAN YAKO


Kinshasa, tarehe 25 Agosti 1974

Maman,

Ninakusalimu, na ninapiga magoti, ingawa huwezi kuona.

Ignace alirudi na tikiti mfukoni. Aliniambia, «Mimi siwezi. Maman yako alikuwa mlangoni, na wanawake wamesimama barabarani. Mmoja alikuwa analia akimwomba msamaha. Maman akanigeukia mimi, akaniambia tu: Ignace, uko na haraka? Ngoja amalize.» Aliogopa kukuangalia, akaangalia viatu vyake, akaondoka. Nilimkasirikia. Kisha nilisoma tena barua yako, sasa nimeisoma hata sijui mara ngapi. Nimechukua wiki nyingi kukujibu kwa sababu kila nilipoanza nilichana.

Sikusahau saa ya redio. Ninajua kwamba Bukavu iko mbele. Niliandika redio makusudi, na nilipokulaumu kwamba hukuongeza saa moja nilikuwa nasema uongo. Hapa ofisini ikifika saa tatu naweka kalamu chini. Saa sita naweka kalamu chini. Nilitaka kujua kwamba dakika ileile, siyo kabla wala baada, yeye anakunywa. Kwangu ilikuwa ni kama kuwa naye chumbani. Hata baada ya wewe kuniambia kwamba umebandua karatasi niliendelea. Wenzangu wanadhani nasali.

Na barua za Colombe za Desemba nilizipata zote. Ningeweza kuomba ruhusa. Mkubwa wangu alikuwa anachagua mtu wa kupandisha cheo mwezi wa Februari, na mimi nilisema mtoto wa kwanza huchelewa, nitakuja baadaye. Cheo nilikipata. Maman, aliyesema «tungoje kidogo» ni mimi. Nilipokuandikia maneno yale nilikuwa najua.

Ulisema sikumshika. Ni kweli. Alikuwa na paji la uso la Colombe. Niliogopa kwamba nikimshika nitamchukia, au kwamba yeye atanijua mimi ni nani.

Nimemwambia sista mkuu kwamba mtoto haji. Nisamehe. Niandikie saa anazokunywa, saa zake za kweli za Bukavu, nami nitageuza saa yangu ya mkononi nizifuate. Sistahili zaidi ya hapo.

Mwanao Lucien


Bukavu, tarehe 20 Novemba 1974

Mwanangu Lucien,

Tuko wazima wote. Shangazi yako sasa anatembea na fimbo na anawatukana ng'ombe kama zamani. Mimi nimerudishwa kwenye benchi langu kanisani, lakini nimechagua kukaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu Nsimire ana kelele. Constance alileta kuku. Kuku tumemla. Msamaha bado naufikiria.

Barua yako nilikaa nayo miezi miwili na zaidi, ili nawe ujue kungoja kulivyo. Nililia nilipoisoma, sitakuficha. Halafu hasira ikanirudia, tena kubwa kuliko ya mwanzo. Kwa sababu uliniacha niamini kwamba mwanangu amekuwa mtu wa mashine, kumbe unaumwa! Ungesema neno moja tu mwezi wa Machi, «Maman, naogopa», ningekuja Kinshasa na mtoto mgongoni, hata kwa miguu. Badala yake uliacha mtoto alie saa nzima kila asubuhi, ili wewe uweke kalamu chini. Hilo nimelisamehe kwa mdomo. Moyo utafuata kwa mwendo wake.

Lakini unachoomba nakataa. Sikuandikii saa anazokunywa. Hana saa. Anakunywa anaposikia sufuria, anapoanguka, anapomwona Raphaël anakula, na mara nyingine anakunywa kwa sababu tu mimi nimekaa. Utageuza saa yako mpaka ivunjike. Na usiniandikie kwamba hustahili zaidi. Nani amekuuliza unastahili nini? Mtoto haangalii hayo. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na wewe kazi hiyo hujaianza. Ruhusa hukuomba mwezi wa Februari. Iombe sasa.

Maziwa yangu yanapungua. Sasa anakula bugali laini na mchuzi wa samaki, na anasimama akishika kiti. Ana kilo nane na nusu. Ana meno mawili na neno moja. Neno lenyewe ni papa. Alilianza wiki iliyopita, hakuna aliyemfundisha. Anamwita hivyo mwuza makala ya kupikia. Anamwita hivyo katekista, na fundi aliyekuja kutengeneza ukuta, na kila mwanaume anayepita mbele ya kizingiti chetu, akinyoosha mikono abebwe.

Wote wanambeba.

Maman yako